Makipa wa Mbinga na Mteremko wa Maharage

Mwalimu Editha, aliyepokea kwangu kazi ya kuwafundisha makipa wa timu ya mji, ameniomba niandike mambo mawili matatu ya kiufundi kwa ajili yake na walimu wenzake vijana. Nimejaribu. Kila nikianza na namna ya kukausha glovu, ukurasa haujafika katikati nimeshahamia kwa watu. Basi nimeacha kujizuia. Atakayetafuta ufundi ataukuta humu humu, umetapakaa kama vifaranga.

Nimestaafu kwa hiari, katika umri ambao msibani bado naitwa kijana pakihitajika wabeba jeneza. Kazi niliyoajiriwa nayo ilikuwa kufundisha Kiswahili na Jiografia katika sekondari moja hapa Mbinga. Kazi niliyoifanya ilikuwa makipa. Kuhusu vyeo sina la kusimulia. Vilipita mbele ya nyumba yangu vikielekea kwa watu wengine, nasi tulisalimiana vizuri.

Makipa nilipewa kwa sababu sikuhudhuria kikao. Timu ya mji ilikuwa ikitumia uwanja wa shule yetu, kwa hiyo walimu ndio tuliokuwa makocha. Siku walipogawana kazi mimi nilikuwa stendi nikisubiri mzigo wangu wa vitabu, na niliporudi nikakuta mmoja amechukua washambuliaji, mwingine mabeki, mwingine viungo, na mwalimu wa Dini amechukua jezi. Wakabaki makipa. Mimi sijawahi kusimama golini maishani mwangu. Ni mfupi, navaa miwani, na chuo kikuu mchezo wangu ulikuwa bao, tena nilikuwa nafungwa.

Siku ya kwanza nilikwenda uwanjani na kitabu kwapani. Pale golini nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vidole vyake vimepinda kama tangawizi. Huyo alikuwa Mzee Hyera. Ujanani alidaka katika timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha kukoboa kahawa, na tangu aache kudaka hakuwa ameondoka pale golini isipokuwa kwenda kula na kulala.

"Wewe ndiye mwalimu wa makipa?" akaniuliza.

"Shikamoo mzee. Ndiye mimi."

"Marahaba. Umewahi kudaka?"

"Hapana."

"Vizuri. Hutawafundisha makosa yako. Utawafundisha yangu."

Na kweli alikuwa nayo. Aliamini kipa akila ndizi siku ya mechi mikono inateleza. Aliamini pia kwamba mwanamume aliyeoa hawezi kuruka vizuri upande wa kushoto. Kwa nini kushoto, hakuwahi kueleza, nami nilikuwa nimeoa karibuni, nikaona nisichimbe.

Lakini vifaa vyake vilikuwa vyema, na hivi ninawaachia. Mpira wa kufundishia tuliupaka sabuni ya kufulia, kwa maana mwezi wa sita na wa saba ukungu hushuka hapa alasiri, nyasi zote zinalowa, na mpira unakujia kama mgeni asiyebisha hodi. Aliyezoea kudaka mpira wa sabuni hatishwi na wa ukungu. Mpira mwingine tuliufunga ndani ya gunia bovu la kahawa lililoloweshwa, ukawa mzito, tukawarushia wakiwa wamekaa chini ili wajifunze kudaka kwa kifua na mikono, si kwa vidole. Na glovu zikaushwe kivulini, kwenye kamba, viganja vikitazama chini. Kuna kipa wangu mmoja, Osmundi, aliwahi kuzianika juu ya meko ya mama yake. Asubuhi zilikuwa ngumu kama samaki wa moshi, na harufu ilikuwa hiyo hiyo.

Jambo jingine la kiufundi: makipa watafuteni ziwani. Vijana wetu wa huku juu ni hodari wa kukimbia milima, lakini wamekulia kwenye udongo mwekundu na mawe, wanajua kuwa kuanguka kunauma. Wa ziwani, kuanzia Liuli mpaka Lituhi, wamejifunza kuruka kwenye mchanga wa ufukweni. Mpaka unapowaleta Mbinga hakuna aliyewaambia kwamba ardhi ina mifupa, na wakija kugundua, tabia imeshaingia.

Sasa uwanja. Wageni wakiuona mara ya kwanza hucheka. Ulichongwa ubavuni mwa kilima, na waliouchonga walichoka kabla haujanyooka. Nyuma ya goli la chini hakuna ukuta wala uzio, kuna mteremko, na kwenye mteremko kuna shamba la bibi mmoja, limelimwa kwa ngolo, yale mashimo ya mraba mraba ambayo Wamatengo huyachimba mlimani ili mvua isibebe udongo. Kwenye kingo za ngolo bibi alipanda maharage. Nyavu zetu zilikuwa tundu zaidi kuliko kamba. Goli likiingia, mpira hautulii. Unapita, unaruka ukingo wa uwanja, unashuka ngolo hadi ngolo mpaka uchoke wenyewe.

Mwanzoni timu zote mbili zilikuwa zikiukimbilia, waliofunga kwa furaha na waliofungwa kwa hasira, na maharage yakawa ndiyo yanayoshindwa kila mechi. Siku moja bibi alipanda uwanjani na jembe begani, akasimama kwenye duara la katikati. Mwamuzi akapuliza filimbi. Bibi hakuijali. Mzee Hyera alimfuata, wakazungumza Kimatengo kwa muda mrefu, yeye akiinamisha kichwa, bibi akionyesha bonde. Aliporudi alisema wamekubaliana: kuanzia leo atashuka mtu mmoja tu.

"Nani?" nikauliza.

"Aliyesababisha."

"Mfungaji?"

"Mwalimu, hivi wewe ulisoma mpaka wapi? Kipa!"

Ndivyo ilivyokuwa sheria. Kipa akifungwa, mpira ni wake, atashuka mwenyewe kuufuata. Anapita juu ya kingo bila kukanyaga maharage, anauokota, anapanda nao. Mechi inasubiri. Hakuna anayemwita, hakuna anayemtukana, hakuna anayemwambia pole, mpaka mpira uwekwe katikati. Timu za jirani zilizoea, waamuzi wa wilaya walizoea. Na Mzee Hyera akaamua kwamba kama ni sheria iwe sheria kwa magoli yote mawili. Hata goli la juu, ambako nyuma yake ni ukuta wa udongo na mpira hauendi popote, kipa aligeuka, akaenda ukutani, akauokota mwenyewe, akasimama kidogo akiwapa mgongo watu wote.

Ilinichukua msimu mzima kuona kinachotokea. Anayeshuka na anayepanda hawakuwa mtu yule yule. Kijana alishuka macho yamewiva, midomo ikicheza. Akapanda pumzi imetulia, uso umekaa mahali pake, akadaka mpaka mwisho. Goli la pili lilikuwa nadra kwetu. Chuoni nilisoma saikolojia muhula mmoja, basi nikalipa jambo hilo jina refu la kitaalamu, nikamweleza Mzee Hyera kwa vidokezo.

"Anakwenda kukojoa, Mwalimu," akasema.

Mzee Hyera alipofariki niliendelea na sheria ile. Sikuwa na nyingine bora zaidi. Na baada ya muda vijana wote waliopita kwangu walikuwa nayo mwilini, kama mtu anavyokuwa na lafudhi.

Kisha wakaanza kuondoka. Kipa mzuri katika mji mdogo ni kama mgeni mwenye adabu, unajua tangu mwanzo kwamba hatakaa. Aliyetangulia ni huyo Osmundi wa Liuli, mrefu, mpole, mwenye mikono kama makasia. Alichukuliwa na timu kubwa ya pwani baada ya mashindano fulani. Wa pili ni Fidelis wa Tingi, kijana wa shamba, mmoja wa wachache wasiotoka ufukweni, ambaye hakupenda kuruka. Alipenda kuwa amesimama pale pale mpira unapokuja, jambo ambalo watazamaji hawalipigii makofi. Alikwenda timu moja ya Njombe. Wa tatu ni Gasto wa Lituhi, na huyo ndiye bora niliyewahi kumwona, kwa hiyo sitamsifu. Alikwenda mkoa wa mbali, timu ya daraja la pili kutoka juu, ambayo sitaitaja.

Mwanzoni niliwapigia simu kila wiki. Waliitikia kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu, tupo, tunamshukuru Mungu," na nyuma yao nilisikia vicheko vya watu nisiowajua. Nikajifunza kusubiri wapige wao. Kipa hupiga simu kwa mwalimu wake wa zamani akifungwa magoli mengi. Akishinda hupigia watu wengine. Kwa hiyo ukimya wao niliupokea kama habari njema, na kwa miaka mingi nilikuwa na habari njema nyingi sana.

Mwaka niliostaafu mke wangu alikwenda Dodoma kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Mtoto sasa anakimbia. Sigombi, ana haki ya kuishi na mtu anayecheka. Mimi nina nyumba, miche michache ya kahawa, na redio. Saa ya mazoezi ikifika miguu inanipeleka uwanjani bila kuniuliza. Editha ananisalimia vizuri, ananiletea kiti, kisha anaendelea na kazi yake, nami nakaa pale nikitazama makosa yangu yakifundishwa na mtu mwingine kwa sauti nzuri kuliko yangu.

Ndipo ikaja ile mechi ya Gasto.

Niliisikiliza redioni lakini sikuelewa. Mtangazaji mwenyewe hakuelewa. Baadaye Editha alinionyesha video kwenye simu yake. Matokeo yalikuwa sare ya bao moja kwa moja, mechi inaelekea mwisho. Wapinzani wakafunga la pili. Mpira ukapenya kwenye tundu la wavu, ukavuka njia ya wakimbiaji, ukaenda kusimama kwenye mfereji karibu na ukuta. Gasto akageuka, akaufuata. Alitembea, hakukimbia. Huku nyuma mwokota mipira akarusha mpira mwingine uwanjani, wenzake Gasto wakaudaka na kuuweka katikati mbio mbio kwa kuwa walitaka kusawazisha, na mwamuzi akapuliza bila kutazama. Pasi ya kwanza ikapotea. Mpinzani akainua macho, akaona goli halina mtu, akapiga kutoka pale pale katikati. Kwenye video unaona mpira ukidunda polepole kuingia wavuni, na mbali nyuma yake unamwona kipa anarudi, kichwa ameinamisha, mpira mwingine kwapani, ametulia kama mtu anayetoka kisimani.

Nchi ilicheka siku mbili tatu. Kisha kicheko kikageuka: kwamba hakuna kipa mwenye akili timamu anayeacha goli mechi ikiendelea, kwa hiyo yule ameuza mechi. Timu ikamsimamisha. Ikatangazwa kwamba kamati ya timu itakaa, na ikiridhika kwamba aliuza, itapeleka jina lake kwa wakubwa wa mpira. Likifika huko halirudi. Hatadaka tena popote, hata kwenye bonanza la kijiji.

Nilimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Siku ya tatu asubuhi mlango ukabishwa, nikamkuta mama yake, amepanda kutoka Lituhi na mfuko wa dagaa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Gasto. Karibu ndani. Habari za Lituhi?"

"Lituhi nzuri, sisi ndio tumechafuka." Hakukaa. "Wanasema mwanangu kauza mechi. Sasa Mwalimu, mtu aliyeuza mechi bado anamwomba mama yake vocha?"

"Mimi siamini kama ameuza."

"Hata mimi siamini, lakini video nimeiona. Watoto wa jirani wamenionyesha, wanacheka mpaka wanakaa chini. Nikampigia kabla hajazima simu, nikamwambia, Gasto, ulikuwa unakwenda wapi wewe? Unajua kanijibu nini? 'Mama, Mwalimu anajua.' Akakata. Basi nimekuja." Akaketi sasa, akaniangalia usoni. "Mwalimu, unajua nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza mteremko, ngolo, bibi na jembe lake, Mzee Hyera. Nikieleza niliona jinsi lilivyo jambo dogo na la kipuuzi ukilitoa Mbinga ukaliweka juu ya meza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alikuwa sawa," akasema.

"Kwa hapa alikuwa sawa."

"Na kwa kule?"

"Kule walikuwa na mpira mwingine."

"Basi waambie hivyo. Wewe ndiye uliyesoma."

Kabla ya kuwapigia viongozi wa timu nilitaka kuwa na kitu zaidi ya neno langu, maana neno la mwalimu mstaafu wa Mbinga kwa watu wa mkoa mwingine lina uzito wa unyoya. Nikawaza kwamba Osmundi na Fidelis nao lazima wamefungwa huko waliko, na lazima wamegeuka. Nikampigia Osmundi mara nyingi. Jioni akapokea.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani, tulikuwa mazoezini."

"Marahaba. Osmundi, nisikilize. Ukifungwa siku hizi, bado unaufuata mpira mwenyewe?"

Akacheka, kicheko kifupi. "Mwalimu, mimi siku hizi sifungwi."

"Hongera sana."

"Hapana, Mwalimu. Sichezi. Mimi ni kipa wa tatu. Tangu nije nimekaa benchi mara chache, siku nyingine zote niko jukwaani nimevaa suti ya timu. Mama anajua nacheza. Tafadhali usimwambie."

Miaka yote ile niliyokuwa nikisikiliza mechi zao nikingoja jina lake litajwe, nikijiambia kwamba mtangazaji hamtaji kipa asiye na makosa! Nilimwahidi sitamwambia mama yake. Niliweka simu mezani nikaitazama, na nilihitaji kutoka nje kidogo kabla ya kumpigia Fidelis.

Fidelis alipokea mara moja, kelele za watu na mbao zikiangushwa nyuma yake. Timu yake ilivunjika zamani, hakuniambia kwa sababu, alisema, hakutaka kunisumbua. Anapakia mbao, ameoa huko huko, na Jumapili anadakia timu ya kijiji.

"Kuufuata mpira? Naufuata, Mwalimu! Huku wananiita Mzee wa Kuokota. Uwanja wetu uko kando ya chai. Nikifungwa naingia kwenye chai, natoka. Wananicheka, mimi naendelea tu, ningefanyaje?"

"Kuna mtu aliyewahi kukupiga video?"

"Mke wangu anazo. Anazitazama akitaka kunitania. Ngoja nimwambie akutumie."

Zikaja mbili. Moja ilikuwa ya zamani, ya timu yake ya Njombe kabla haijavunjika, kwenye uwanja ule ule wa kando ya chai: mvua, tope, goli limeingia, na Fidelis anageuka, anapotea ndani ya chai, uwanja mzima unamsubiri, anatokea na mpira kwapani. Kichwa ameinamisha. Ukimweka pembeni mwa Gasto ungesema ni ndugu. Mama Gasto aliitazama mara nyingi akisema, "Huyo hapo! Huyo hapo!" kama vile aliyeonekana ni mwanawe.

Editha akaenda uwanjani na vijana wake, akapiga video ya tatu. Sikumwomba. Bibi mwenye shamba sasa amezeeka, shamba linalimwa na mjukuu wake wa kike, lakini maharage ni yale yale, na kipa wa Editha alishuka na kupanda juu ya kingo zile zile bila kujua kuna kamera. Tukazituma zote tatu kwa Katibu wa timu ya Gasto. Siku ya kamati wakapiga simu. Tulikuwa uwanjani, Editha, Mama Gasto na mimi, pale ambapo mtandao unashika.

"Mwalimu," akasema Katibu, sauti nzito ya mtu aliyezoea vikao, "tumeziona video zako. Niulize tu ili niwe nimeelewa. Unataka kuiambia kamati hii kwamba kijana aliacha goli wazi kwa sababu ya maharage?"

Nyuma yake wajumbe wakacheka.

"Ndiyo, ndugu Katibu. Maharage ya bibi mmoja."

"Ambaye hayupo katika uwanja wetu."

"Hayupo. Ila kijana alikuja kwenu akiwa naye. Wa Njombe anaye mpaka leo, mmemwona. Kama Gasto ameuza mechi, basi na yule wa kwenye chai ameuza, na huyu mtoto aliyeshuka juzi ameuza pia, na mimi nimewafundisha wote kuuza kwa miaka yote niliyofanya kazi. Wangekuwa wanauza ningeishi pazuri kuliko hapa."

Sauti nyingine, kavu, ikajitambulisha kuwa ni kocha wa timu. "Mwalimu, tulimuuliza kwa nini aliacha goli, akasema alikuwa anafuata mpira. Tukamuuliza mpira upi, wakati mpira ulikuwa katikati. Akasema, 'Wangu.' Hakuongeza neno. Ndilo lililotutia wasiwasi."

"Ndilo jibu, mwalimu mwenzangu," nikasema. "Hana jingine."

Mama Gasto alikuwa ameushika mkono wa Editha. Walituambia tusubiri. Vijana uwanjani waliendelea na mazoezi, na tukabaki tukitazama simu iliyokuwa juu ya kiti changu, sisi watatu tumesimama kama tunaiombea. Kocha akapiga tena. Kamati haitapeleka jina popote. Kijana anarudi kikosini, lakini hatadaka mpaka tabia ile imtoke. "Nimemweleza mimi," akasema, "anaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, mazoezini akifungwa anageuka. Mwambie wewe. Nadhani anangoja ruhusa yako."

Mama Gasto alicheka, akalia, akaniachia dagaa wote na kuwahi gari la kurudi. Mimi nikaenda nyumbani kumpigia mwanawe.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Gasto. Unaendeleaje?"

"Salama. Asante kwa kuwaambia. Mimi nilishindwa pa kuanzia."

"Hata mimi nilishindwa, nikaanzia kwenye maharage." Hakucheka. Nikaendelea, "Sasa sikiliza. Ukifungwa usigeuke tena. Baki golini. Inua mkono, wape mpira mwingine waweke katikati, wewe tazama mbele."

"Na ule wangu?"

"Uache. Kuna watu wa kuuokota."

"Mwalimu, sasa nitakuwa natulia saa ngapi?"

Editha na wenzako, hilo ndilo swali la kiufundi pekee nililowahi kuulizwa na kipa ambalo Mzee Hyera hakuniachia jibu. Nilipekua saikolojia yangu ya muhula mmoja. Nilitaka kumwambia arudi nyumbani, kwamba uwanja upo, mteremko upo, tutamsubiri kadiri atakavyotaka kukaa huko chini. Ningelisema angekuja, nilimsikia akingoja niseme.

"Tulia hapo hapo ulipo," nikamwambia. "Wakiwa wanakuangalia. Utazoea."

"Wewe umezoea, Mwalimu?"

"Mimi sijawahi kudaka, Gasto."

"Sawa," akasema. "Sitageuka."

Alikaa nje mechi kadhaa, kisha wakamrudisha. Niliisikiliza mechi ile nimesimama, sijui kwa nini, chai inapoa. Walikuwa wanaongoza moja bila. Mtangazaji alisema mpira umepigwa krosi, kichwa, goli, wapinzani wamesawazisha, na mimi nikashika ukingo wa meza. Mtangazaji akamsifu mfungaji. Akamsifu aliyepiga krosi. Akasema mpira umeshawekwa katikati, mchezo unaendelea, akasoma tangazo la saruji. Kuhusu kipa hakusema neno lolote, mpaka filimbi ya mwisho, wakatoka sare.

Simu ikalia. Ilikuwa Lituhi.

"Mwalimu, huku redio inakwaruza. Kafungwa?"

"Kafungwa moja."

"Wamesemaje juu yake?"

"Hawakumtaja, mama. Kabisa."

"Ah!" Nikasikia pumzi ikimtoka. "Afadhali."

Akanishukuru, akakata. Na mimi nikasema afadhali, kwa sauti, nikaipasha chai moto, nikanywa.